Mmoja Kati ya Watatu

Bwenini, ghorofa ya pili
4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na nakula vizuri, nasema kabla hujauliza. Mgongo wako unaendeleaje? Najua bado unainamia meza tangu asubuhi hadi jioni na ukiambiwa upumzike unasema simu haijitengenezi.

Wenzangu hawaamini kwamba fundi simu anataka kuandikiwa barua za karatasi. Nimewaeleza kuwa umefungua simu nyingi mno za watu hata huwezi kuiaminia yako mambo ya nyumbani. Walicheka, halafu nikamwona mmoja anafuta picha kimyakimya.

Muhula huu tumeanza sheria ya vyombo vya habari, na nakwambia nimepata somo langu. Mwalimu ni mwanasheria mwembamba asiyepandisha sauti. Akiingia anaandika sentensi moja ubaoni, kisha anauliza, "Nani anaweza kunishtaki kwa hili?" Mimi hujibu wengine wakiwa bado wanatafuta kalamu.

Sasa kubwa lenyewe. Gazeti la chuo lina ukurasa ambao kila mwanafunzi huandika jambo la alikotoka, na safari hii ni zamu yangu. Nimeandika kuhusu mafundi simu wa chini ya ngazi za posta ya zamani, kwamba mmoja kati ya watatu huchomoa betri nzima ya mteja na kumrudishia kuukuu. Wewe unajua na mimi najua kuwa ni Bingwa. Lakini usiogope, sikumtaja. Bila jina hakuna kesi. Nakala yako hiyo hapo.

Mwanao,
Bi Maswali


Nyumbani
11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kuwa na mimi nipo. Nimefurahi kikohozi kimekwisha, lakini usianze kulala na dirisha wazi.

Gazeti nimelipokea. Kusoma nilisoma baadaye, kwanza nililitazama jina lako tu. Nimempelekea dada wa fotokopi akalitia nailoni, nikalitundika kwenye msumari juu ya meza yangu pale kazini. Kila anayeleta simu namwonyesha: huyo ni mwanangu. Wakisubiri, wanasoma.

Bingwa alilisoma kwa sauti mpaka mwisho, akacheka, akaniambia mwanao kalamu anayo. Ana uso mkavu yule. Mzee Tochi alivaa taa yake ya kichwani mchana kweupe, akalisoma polepole, akarudi kwenye meza yake akaendelea na kazi. Unajua tena, macho yamechoka, huenda hakuona vizuri.

Jana mama mmoja alisoma huku nikiwa nimeshafungua skrubu za simu yake. Akasema niifunge, atarudi. Hajarudi. Labda alikuwa na haraka.

Mama yako


Bwenini
14 Machi

Mama,

Shikamoo. Salamu zitafuata, kwanza bandua hilo gazeti. Liweke popote, hata chini ya godoro, lakini lisikae juu ya meza yako.

Barua yako imenifikia leo, na leo hiihii mwalimu kaandika ubaoni: "Mmoja kati ya madaktari watatu wa zahanati hii ni mlevi." Akauliza nani anaweza kushtaki. Nikajibu mbiombio kwamba hakuna, kwa kuwa hakuna aliyetajwa. Akanitazama kwa upole, kitu kilichoniumiza zaidi, akasema: ukisema mmoja kati ya elfu, hujamgusa mtu, ukisema mmoja kati ya watatu, wasomaji watawatazama wote watatu, na kila mmoja wao anaweza kuja mahakamani kusema ni yeye uliyemchafua.

Mama, nimewataja wote watatu. Nimekutaja wewe. Nimemtaja Mzee Tochi, aliyekukalisha kwenye meza yake na kukufundisha kazi baba alipofariki. Nilidhani nimemficha mwizi, kumbe nimewafunika ninyi pamoja naye.

Niambie hali ikoje. Usinifiche ili nisome kwa amani, maana hata hivyo sisomi.

Mwanao


Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Umeandika, ukaandika tena, na mimi nimekaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na mkono wenye hasira haushiki kalamu wala bisibisi.

Umesema nisikufiche. Haya. Wateja wangu wengine sasa wanaketi mbele yangu wakitazama vidole vyangu kama vya mtu aliyewahi kufungwa. Hilo nalivumilia, nina ngozi ngumu. Lakini kwa Mzee Tochi watu wamekata shauri. Mikono inamtetemeka, anavaa ile taa, anachukua muda. Basi wakasema ni huyo, amezeeka kaanza kubabaisha. Na anayewachochea ni Bingwa. Mteja akimuuliza anashusha sauti, "Mimi sisemi, lakini tazama mwenyewe."

Wiki iliyopita Mzee alikusanya vifaa vyake akaenda nyumbani. Meza imebaki tupu. Nilimfuata. Alinikaribisha vizuri, akaulizia mgongo wangu, kisha akasema, "Mwambie binti ameandika vizuri, ila hakumaliza." Nilirudi nimeshindwa hata kumuaga.

Gazeti sijalibandua, na sitalibandua. Nikilitoa leo watasema nimeficha ushahidi. Wewe ndiye mwenye sheria. Niambie sheria inasemaje ukishawamwagia watu maji machafu.

Mama yako


Bwenini
6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikalia nikiwa nimekaa, nikanawa uso nikaenda kwa mwalimu. Nisamehe. Na Mzee Tochi nitamwomba msamaha mwenyewe, uso kwa uso.

Sheria inasema hivi. Kosa linarekebishwa palepale lilipofanyika: ukurasa uleule, herufi zilezile, si kwa kijistari pembeni. Na aliyeshutumiwa lazima aulizwe kabla ya kuchapishwa, jibu lake liwekwe kama lilivyo. Mimi sikumuuliza mtu. Nilikuwa nakimbilia sifa.

Lakini ukweli ninao, Mama. Unakumbuka Mzee huweka nukta ya rangi ya kucha ya buluu kwenye kila betri aliyoipima mwenyewe, na asiyoiamini haiwekei kitu? Mwenzangu wa darasani, anayetoka hukohuko kwetu, aliwekewa betri na Mzee wakati wa likizo. Baadaye akampelekea Bingwa abadilishe kioo. Simu ikarudi inazima kila saa, tukaifungua hapa: betri imevimba, haina nukta. Binamu yake naye alinunua kwa Bingwa simu iliyotumika. Tumeifungua mbele ya mwalimu. Nukta ya buluu hiyo hapo. Wote wawili wamekubali majina yao yaandikwe. Ningefungua simu zile kabla ya kuandika, tusingefika hapa.

Kwa hiyo safari hii nitamtaja. Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo gumu. Sikuwaambia wasomaji kuwa mmoja wa watatu hao ni mama yangu. Bingwa atasema nilikupigia debe, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Mwalimu hakuniamuru, ameniuliza tu ningependa msomaji alijue kutoka kwangu au kutoka kwa Bingwa. Najua wapo watakaokugeuzia kibao wakishasoma. Ukiniambia nisiandike, makala haitatoka.

Nimewapelekea mafundi wote watatu maswali yaleyale. Yako nimeambatanisha. Tafadhali yajibu kama fundi, usiyajibu kama Mama.

Mwanao,
na mwandishi wa gazeti la chuo


Chini ya ngazi za posta ya zamani, meza ya kati
12 Aprili

Kwa Mwandishi,

Maswali yako nimeyapata. Najibu kama ulivyouliza.

Je, nimewahi kuchukua betri ya mteja bila idhini yake? Hapana. Je, naweza kuthibitisha? Kwa siku zilizopita naweza kukuletea wateja wangu uwaulize wewe mwenyewe. Kwa siku zijazo, kuanzia sasa nafungua simu mteja akiwa ameketi mbele yangu, na kilichotoka ndani yake anakabidhiwa mkononi, hata kama ni takataka. Je, nina uhusiano wowote na mwandishi? Ndiyo. Nilimzaa. Andika hivyo, na uandike juu kabisa, asije mtu akalitafuta kwa tochi.

Je, nina malalamiko kuhusu makala ya kwanza? Ninayo. Mwandishi alimchafua mwalimu wangu. Naomba na hili lichapishwe kama lilivyo.

Fundi wa meza ya kati

Sasa aandike Mama. Mwanangu, ulidhani nitasema usiandike? Mimi ni mtu wa kuogopa midomo ya watu, na meza yangu iko njiani? Andika. Wakinikimbia, nitawangoja, simu zitaharibika tu. Ule, ulale.


Bwenini
9 Mei

Mama,

Shikamoo. Ninyi nyote hamjambo? Mimi sijambo, na natembea kichwa juu tena.

Hilo gazeti. Ukurasa uleule, ukubwa uleule, na mstari wa kwanza unasema mmoja wa mafundi hao ni mama yangu mzazi. Majibu ya Mzee yamo, yako yamo. Bingwa alijibu, "Sina muda wa watoto." Nimeliweka hivyohivyo, sikuongeza wala kupunguza.

Nakala ya pili ni ya Mzee. Mpelekee. Nikifunga chuo, nyumbani kwake ndiko nitakakoanzia.

Mwanao


Nyumbani
17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima huku, na mgongo leo nimeusahau.

Bingwa alikuja na gazeti mkononi, akaniuliza kama nimemfundisha mtoto kushtakiwa. Nikamwambia mahakama haijahama, aende. Akasema ataenda. Siku zimepita, hajaenda. Meza yake ameihamishia upande wa pili wa barabara na ananunia wapita njia. Wateja wangu hawajarudi wote. Wapo wanaosema damu nzito, na siwalaumu. Lakini yule mama niliyekwambia, mwenye haraka, amerudi. Aliketi mbele yangu mwanzo hadi mwisho, akaondoka na betri yake mbovu ndani ya pochi kama zawadi.

Nakala ya Mzee nilimpelekea. Akaipokea, akanisogezea chai nimalize. Nikaona basi, ndivyo ilivyo.

Leo asubuhi nimemkuta chini ya ngazi anapanga vifaa. Ametaka kuona nililitundika wapi lako jipya. Nimelitundika kwenye msumari uleule, kando ya lile la kwanza, maana sikutaka mtu asome moja bila jingine. Amevaa taa yake, akalisoma lote, mstari kwa mstari, wateja wakisubiri. Kisha akatoa kichupa chake cha rangi ya buluu, akaweka nukta moja kwenye nailoni, chini ya jina lako. Lile la kwanza ameliacha vilevile.

Njoo upesi ukifunga. Amesema ana betri nyingi za kupima na anahitaji mtu wa kumuuliza maswali.

Mama yako,
fundi uliyemtaja