Kibao Kinachosema Maji Yametolewa

Mpendwa Shangazi Tsena,

Naomba msaada wako, na naomba jibu lije kwanza kwa posta kwa dada yangu, anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha, maana gazeti lako hapa nyumbani husomwa na mama mkwe, halafu mume wangu, na mimi hulipata likiwa limeshafungiwa mayai. Majina yote niliyoandika si yetu, hata langu.

Mume wangu Radko anafufua lori la marehemu baba yake. Ni lori la Kirusi la mwaka sabini na mbili, la bluu, ambalo baba mkwe, mzee Stoil, alibebea kuni na zabibu na matofali ya kijiji kizima, na limekaa bandani miaka saba tangu alipofariki, na kila mwaka mama mkwe, Mama Vela, hubandika tangazo la msiba lenye picha yake kwenye geti na jingine kwenye mlango wa lori, juu ya lile la mwaka uliopita, hadi mlango umevimba karatasi na mzee anatutazama kutoka humo kila tukienda kuchukua kuni.

Malori yale, Shangazi, hayakuwekewa dawa ya kuzuia maji yasigande, dawa haikupatikana, kwa hiyo yalitiwa maji matupu, na jioni za baridi dereva hufungua koki mbili, ya rejeta na ya injini, akayamwaga yote, kisha akatundika kwenye usukani kibao kilichoandikwa MAJI YAMETOLEWA, ili kesho mtu asiwashe injini kavu. Baba mkwe hakulala hata siku moja bila kukitundika kibao chake.

Januari aliyofariki alirudi na shehena ya kuni, akaliingiza lori bandani, akashuka, akashika kifua, akaanguka uani. Gari la wagonjwa likamchukua, Mama Vela akapanda naye, Radko alikuwa mjini kwenye kazi ya ujenzi, nikabaki mimi na binti yangu wa miezi minne, mwili unamchemka kwa homa. Jioni hiyo mzee akapiga simu kutoka hospitali.

"Binti, lori lina maji. Fungua koki mbili tu. Ya injini iko chini, upande wa ukuta, kama ya pipa la mvinyo. Hata mtoto anaweza."

"Sawa, baba."

Nilivaa buti kabisa, Shangazi, nikafika mlangoni, mtoto akalia kilio cha kukata pumzi, nikarudi, nikamweka kifuani, nikamfuta kwa kitambaa cha maji, nikalala nimekaa na buti zangu miguuni. Baridi ya siku ile ilifika nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.

Kesho yake akapiga tena.

"Maji?"

"Yametolewa, baba."

"Koki zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na kibao?"

"Nimekitundika."

"Ahsante, binti. Umeniokolea farasi wangu."

Nilipoweka simu ndipo nikaenda bandani, na nilikuta barafu imetoka ubavuni mwa injini kama ulimi, kwenye ufa wa urefu wa shubiri yangu. Nikasimama pale. Halafu nikakitafuta kibao nikakitundika kwenye usukani, ili angalau neno moja la uongo kati ya yale matatu liwe kweli. Mzee alikufa siku ya tatu. Mama Vela alikuwa kando yake na anasema neno lake la mwisho lilikuwa "maji yametolewa", akafumba macho kwa amani, na kila kumbukumbu, tukishamimina divai kaburini na kugawa ngano ya kuchemsha, anawasimulia watu: "Mtoto mgonjwa mikononi, nje kunaganda hata mate, na mkwe wangu akatoka kutoa maji ya mzee. Zaeni binti kama huyu!" Na watu wananishika mkono. Miaka saba wananishika mkono.

Theluji ilipoyeyuka niliupaka ule ufa grisi na majivu, ukafanana na uchafu mwingine wa injini.

Radko alianza kulifufua vuli ya mwaka juzi. Ameosha tangi, amefungua kabureta kipandekipande juu ya meza yangu ya kulia, amebadilisha mipira ya breki yote, amemimina oili kwenye silinda akaiacha mwezi mzima, halafu akaizungusha injini kwa hendeli na ikazunguka, akalia kama mtoto. Jirani yetu Gancho, ambaye ni fundi akiwa hajalewa, humtania: "Radko, mtaliki mkeo uoe lori. Lori halina mama." Naye hujibu, "Lori lina mama, ndiye huyu anayelibandika picha," wanacheka, na mimi nacheka nao.

Siku moja Gancho akasema, "Hebu tutie maji kwanza, tuone kama linavuja." Radko akakinyanyua kibao usoni mwake. "Unakiona hiki? Baba yangu alikufa akijua. Injini usiiguse, injini ni nzima." Gancho akavua kofia, akaomba radhi. Akaomba radhi, Shangazi!

Jumamosi ijayo ni kumbukumbu ya miaka saba. Radko amepanga kutia maji asubuhi hiyo, aliwashe, ampandishe mama yake mbele, waende makaburini na ngano na divai, na Jumatatu aanze kubeba kuni, maana nyumba tisa zinamsubiri, karibu zote za vikongwe, na kuni zinawaishia. Kazi nyingine hana. Binamu yake Mladen alimwekea nafasi kwenye ghala Ujerumani, akapiga simu Oktoba, "Ndugu yangu, nafasi haina subira, sema leo," na Radko akamwambia ana lori la baba yake. Mimi nilikuwa napiga pasi palepale, sikusema kitu, kwa sababu nilifurahi kuwa haondoki.

Sasa nifanye nini? Sili, maziwa ya kumnyonyesha mtoto wetu wa pili yamepungua. Nimewaza ninyamaze tu, aone mwenyewe, aseme labda ni uzee wa chuma. Na nimewaza jambo baya zaidi. Wiki hii kunaganda sana. Nikilitia maji jioni moja kimyakimya, yakaganda, asubuhi nitasema ndiyo yaliyoipasua injini na kwamba nilimwona Gancho bandani, na Gancho akilewa hukubali hata asichokifanya. Ndoo nimeshaijaza mara mbili na mara mbili nimeimwaga. Nisaidie kabla sijaijaza ya tatu.

Zornitsa

*

Mwanangu Zornitsa,

Ndoo hiyo igeuze kifudifudi sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Umegeuza? Haya, kaa.

Jibu hili nimelitia kwenye bahasha siku ileile barua yako iliponifikia. Wasomaji wengine watalisoma wiki ijayo, Jumamosi yako ikiwa imeshapita kwa heri au kwa shari. Majina umeyabadilisha, lakini kibao hakibadiliki, na kijijini kwako watakitambua. Kwa hiyo siri hii haina maisha marefu, hata ukiamua kunishupalia.

Mimi ni binti wa dereva. Baba yangu aliendesha lori la namna hiyo miaka ishirini na sita, na sisi watoto tulichapwa kwa kukichezea kibao. Najua ulichokitundika.

Nianze na pale ambapo huna kosa kubwa. Kusahau maji ukiwa na mtoto anayeungua kifuani si dhambi. Ungetoka nje ukamwacha, na likampata la kumpata, leo ungekuwa unaniandikia barua mbaya kuliko hii. Na ulichomwambia mzee kwenye simu ile ya pili, mimi kama mama sikulaumu sana. Mtu anayekufa haulizii koki. Anauliza kama nyumba yake itaendelea bila yeye, na wewe ulimjibu ndiyo. Amani aliyofumbia macho ni yake, amekwenda nayo, na hakuna atakayefukua kaburi kumnyang'anya.

Lakini kibao hukukitundika kwa ajili ya mzee, kwa kuwa mzee hakukiona. Ulikitundika kwa ajili yako. Grisi na majivu, kwa ajili yako. Mikono ya watu umeipokea miaka saba. Na kuhusu maji umeniandikia kurasa tatu, kuhusu Ujerumani mistari michache tu, umeifichaficha mwishoni kama mtoto anavyoficha kikombe alichokivunja. Barua yako yote ni hiyo mistari, Zornitsa. Ulijua lori ni mfu, ukamwacha mumeo aikatae kazi iliyo hai, kwa sababu ulitaka abaki. Kumtaka mume abaki si aibu, wengi wetu tumelala peke yetu tukingoja pesa za ughaibuni na tunajua ladha yake. Ungemwambia, "Usiende, sitaweza." Hayo ni maneno mawili tu. Badala yake ulimfunga na chuma kilichopasuka.

Na Gancho? Mlevi aliyevua kofia mbele ya uongo wako, ndiye unayetaka kumtwika! Sitaki kulisikia tena hilo.

Sasa nisikilize, maana siku hazipo. Injini hiyo isiwashwe Jumamosi. Ufa unaouona nje unaweza kuwa na nduguye ndani, na maji yakiingia kwenye oili, hata kile ambacho kingepona kitakufa siku hiyo, mbele ya mama yake Radko aliyevaa nguo za kumbukumbu. Ukinyamaza, hilo ndilo utakalolitazama ukiwa na sahani ya ngano mkononi.

Alhamisi, Radko akishakula, wapeleke watoto kwa dada yako. Nenda bandani ukatoe kibao kwenye usukani, ukiweke mezani mbele yake, na umwambie: "Hiki nilikitundika mimi, na maji hayakutolewa." Anza na hayo. Usianze kwa kulia, kwa sababu ukilia atakubembeleza kabla hajajua anabembeleza nini, na huo nao ni wizi. Homa ya mtoto usiitaje mpaka akuulize. Halafu umwambie la Ujerumani, na kwamba ulifurahi. Hilo litamuuma kuliko injini. Liseme hivyohivyo.

Atafanya nini, sijui. Sikudanganyi. Anaweza kutoka asirudi mpaka kesho. Anaweza kunyamaza hadi masika. Usimfuate nje, usimwombe akujibu. Asubuhi, awepo asiwepo, chukua mafuta ya taa na kitambaa uuoshe ule ufa kwa mikono yako mpaka uonekane, kisha umwite Gancho kabla hajafungua chupa, na umwombe radhi ingawa hatajua ya nini. Kama ufa ni wa ganda la nje tu, nimewaona mafundi wakiuziba, na lori likabeba mizigo miaka mingi. Kama umeingia ndani, injini hiyo ni ya kuzikwa, na itabidi itafutwe nyingine, au lori lisimame milele. Vyovyote vile ajue kabla hajatia maji.

Mladen umpigie wewe, si Radko. Muulize kama nafasi ipo au ipo nyingine, na umweleze sababu kwa kinywa chako. Ikiwepo, na Radko akitaka kwenda, utamfungia mizigo. Najua ninachokuomba. Mtoto ananyonya na mwingine ana miaka saba. Utamfungia hivyohivyo. Na zile nyumba tisa uzipitie kwa miguu, uwaambie vikongwe watafute kuni kwingine mapema, maana mwanamke wa miaka themanini hawezi kuota moto wa ahadi.

Mama Vela mwambieni ninyi wawili, kabla ngano haijachemshwa, msimwache asimulie tena kwa watu jambo ambalo wewe unajua si kweli. Ataumia. Pengine hatakuita mkwe wake kwa muda mrefu. Mwachie neno la mwisho la mumewe, hilo alilisikia kwa masikio yake na ni lake. Jumamosi nendeni makaburini kwa miguu, nawe uibebe divai. Ukifika uimimine, na umwambie mzee yale uliyoshindwa kumwambia kwenye simu. Yeye peke yake hatakukatiza.

Na kibao usikichome, wala Radko asikichome kwa hasira. Kifiche hata chini ya godoro la mtoto. Ikitokea siku lori hilo likanguruma tena, liwe na injini hiyo au ya kuokota, kazi ya kutoa maji jioni ni yako. Utavaa buti, utafungua koki ya rejeta, utafungua na ile ya upande wa ukuta, utasimama hapo mpaka tone la mwisho lidondoke, vidole vife ganzi. Ndipo utakitundika.

Shangazi Tsena