Nilikuwa na pesa ya pampu, nikanyamaza

Bi Faiza, sijawahi kuandikia gazeti maishani mwangu, lakini hili jambo siwezi kumwambia pasta wala dada yangu, kwa hivyo naomba unisome mpaka mwisho ndiyo unihukumu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tatu, nakaa ndani ndani kutoka Miasenyi, dakika kama arobaini kwa boda kabla ufike barabara ya Mombasa, na mume wangu alipofariki aliniachia gari ndogo nyeupe aliyoinunua na pesa yake ya kustaafu, na hiyo ndiyo gari pekee kijijini kwetu.

Sasa gari ikiwa moja kijijini si yako tena. Mtoto akiungua na uji ni gari yangu, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa ni gari yangu, maiti ikitoka mochari Voi ni gari yangu, hata binti wa Elijah, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, alipelekwa kanisani siku ya harusi na gari yangu. Na kila mtu anakuja na petroli ya kupima, ya kufika na kurudi tu, hakuna tone la zaidi, kila safari tunarudi na taa ya mafuta inawaka na mimi naomba Mungu tusizimikie njiani. Miaka minne hivyo, na mimi nikiona huo ndio ujirani.

Mwaka jana mwezi wa nane gari ikakataa kuwaka. Nikamwita fundi Miraj kutoka Voi, mtu mpole sana, akafungua akanionyesha pampu ya mafuta imeungua. Akaniambia, "Mama, hii haikufa yenyewe, imeuliwa. Pampu hukaa ndani ya tangi na petroli ndiyo huipoza, na nyinyi mmeiendesha kavu miaka yote hii." Mpya ilikuwa elfu ishirini na sita, ukiongeza chujio na ufundi inafika thelathini na moja na mia tano. Kulikuwa na ya mtumba ya elfu tisa, lakini akasema hiyo hawezi kuniapia hata mwezi mmoja.

Nikamwomba Elijah aitishe mkutano, nikawaeleza vile fundi alisema, kwamba ni hizo petroli zao za kupima zimeua pampu, nikaomba kila nyumba ilete mia tano. Watu wakaangalia chini. Elijah akasimama mbele ya wote akasema, "Mama, gari ni yako, na pampu ni ya mwenye gari." Wengine wakacheka, Bi Faiza. Walicheka. Nilirudi nyumbani.

Ni mtu mmoja tu alikuja, jirani yangu Mutuku, mtu wa vibarua, hana kitu. Alileta elfu moja na mia mbili, akanipa kwa mikono miwili, akaomba msamaha kwamba ni kidogo. Nilipokea.

Sasa hapa ndipo nakuomba usinitupe. Pesa nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeuza ng'ombe wawili, elfu sitini na kitu ilikuwa benki, na siku iliyofuata ningeweza kupigia Miraj simu alete pampu. Nikasema la, wacha ikae, wajue. Nikafunika gari na turubai, kila aliyeniuliza nikamwambia sina pesa bado natafuta, na nitakwambia ukweli wote, nilifurahia. Mke wa Elijah alipovunjika mguu akapandishwa boda akilia, nilisimama mlangoni nikaangalia mpaka vumbi ikatulia.

Mwezi wa kumi na moja, Jumapili mchana, Rachel, mke wa Mutuku, akashikwa na pumu. Mutuku alikuja kwangu mbio, akafika uani, akaona turubai, akasimama. Akasema, "Aa, nilikuwa nimesahau," akageuka akakimbia kutafuta boda. Wakamweka Rachel katikati, yeye nyuma akimshikilia, na hiyo barabara yetu ni vumbi tupu. Walifika steji ya Miasenyi, malori yakapita, mabasi yakapita yamejaa, na Rachel akafa ameketi juu ya kreti ya soda kabla gari yoyote isimame.

Hakuna mtu alinilaumu, hata mmoja. Wote wanajua gari iliharibika na mimi sina uwezo. Mutuku bado anapita kunisalimia, ananichotea maji mgongo ukiniuma. Wiki iliyopita nilimpa chai, akasema, "Mama, mimi hufikiria yule mbuzi wangu. Ningemuuza nikakuongezea, labda pampu ingepatikana." Nikamwambia ni mipango ya Mungu.

Nimwambie ama nisimwambie? Nikimwambia kijiji kizima kitanitenga na nitampoteza hata yeye, na nisipomwambia naona nitakufa na hii kitu kifuani. Pampu mpaka leo sijanunua. Hiyo turubai siwezi hata kuigusa.

Mwenye gari, Taita Taveta

BI FAIZA ANAJIBU

Dadangu, nianze na pale ulipokuwa na haki, maana haki unayo. Majirani zako walilitumia gari lako mpaka wakaliua, kisha wakakucheka. Huyo Elijah alipaswa kuona haya kutamka maneno yale ilhali binti yake aliolewa kutoka kiti chako cha nyuma. Na kijiji kukosa gari la wagonjwa si kosa la mjane. Ungesimama kwenye mkutano ule ukasema, "Pesa ninayo, lakini gari halitoki tena kwa ajili yenu," wangekuita mchoyo, na mimi ningekutetea hapa hapa gazetini.

Lakini hukusema hivyo. Ulisema huna. Mtu akijua gari halipo hujipanga, huweka namba ya mwenye teksi wa Maungu, humpeleka mgonjwa wake mapema. Wewe uliwaambia unatafuta, wakakaa wakingojea. Na siku ile uliponyoosha mkono ukapokea pesa ya Mutuku, hukuwa tena unamwadhibu Elijah. Ulikuwa unamdanganya mtu pekee aliyekuheshimu. Hapo siwezi kusimama nawe, na barua yako inaonyesha kwamba hata wewe huwezi.

Tena ukamwambia ni mipango ya Mungu. Dadangu, Mungu hakuwa na elfu sitini benki. Muombe radhi kwa kumsingizia.

Kama Rachel angepona, sijui, na wewe hujui. Basi usithubutu kumwambia Mutuku kwamba huenda angekufa tu. Wala usimweleze jinsi Elijah alivyokuudhi. Mwenzio ana uchungu wake, usimbebeshe na wako.

Fanya hivi. Nenda kwake kesho mchana, kwa miguu, peke yako. Usibebe sukari, usimtangulize pasta. Mwambie neno la kwanza kabisa kwamba pesa ulikuwa nayo, kisha mwambie kwa nini ulinyamaza, kwa ufupi, kisha mrudishie elfu yake moja na mia mbili. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Na usichelewe, maana majina yote nimeyabadilisha, na kijiji pia, lakini gari moja kijijini ni gari moja kijijini, na mtu wa kwenu atasoma hapa. Mutuku asije akasomewa habari zake mwenyewe na mpita njia.

Ukishatoka kwake, mpigie Miraj simu. Nunua pampu mpya, achana na ya mtumba. Gari likishawaka lisitoke tena na chini ya robo tangi, harusi na mizigo walipe mbele, Elijah naye alipe kama watu wengine, na mgonjwa apakiwe kwanza, petroli iulizwe baadaye. Wakikununia wacha wanune. Sheria ni hiyo, na ulipaswa kuiweka tangu mwanzo badala ya kumeza mate.

Unaogopa kutengwa. Huenda ukatengwa kweli, sikufichi. Unaogopa kumpoteza Mutuku, na huyo pia huenda ukampoteza. Lakini mtu huyu amemzika mkewe, na kila akikaa anajiona ni yeye aliyemuua kwa umaskini wake, nawe unamtilia chai na kumsikiliza. Nenda ukamwambie kwamba hata angeuza kila mnyama aliye naye, gari lile lisingetoka. Atakuchukia wewe, na ataacha kujichukia mwenyewe.