Baba Aliyekataa Kuusifia Ugali wa Diana

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokusindikiza kaburini, Mzee Calixte Ndayikunda wa Buzebazeba. Wengine huandika kwamba marehemu wao hakuwa na kasoro. Sisi ulitulea kwa amri ya nane, "Usiseme uongo," kwa hiyo tuanze na ukweli: ulikoroma wakati wa mahubiri, na kuimba hukujua.

Ulikuwa mkarimu. Aliyepita mlangoni wakati wa chakula hukumwacha aende na njaa, hata siku ambazo mboga haikututosha wenyewe.

Uliuza mawese sokoni Rusimbi, uliyoyakamua kwa mikono yako kule Simbo. Mteja akigusa dumu la zamani, unamwambia, "Hilo linakwaruza koo. Mapya yako kwa Anifa pale." Mama akasema utatufilisi. Ukamjibu, "Honorata, Mungu hakutupa amri ili tuumie. Ngoja uone." Tukangoja. Kwa kweli tulingoja sana.

Halafu ikaja posa ya binti yako Diana. Alimpenda Heritier wa Ujiji hata kulala halali, na siku hiyo ndugu wa Heritier walifika na mshenga wao, Amosi. Kila mtu anajua baba wa binti husema nini siku kama hiyo: anasifia, basi. Shangazi yake Heritier, Mama Mariana, akauliza kama binti anajua kupika.

"Anajua," ukasema. "Ila ugali wake una madonge."

Mama akakohoa. Ukamgeukia: "Kama kifua kinakusumbua, kanywe maji." Amosi akakukanyaga mguu, ukauvuta, ukaendelea. "Na kuamka kwake asubuhi ni shughuli. Lakini mama yake alipolazwa, yeye ndiye aliyelala sakafuni hospitali mpaka tukamrudisha nyumbani. Na hajawahi kunidanganya."

Nyuma ya pazia Diana alikuwa analia. Wageni wakatoka nje kuteta, na Mama hakutaka hata kukutazama. Wewe ulitoa rozari mfukoni ukaanza kusali, maana binti yako ulimpenda kuliko mawese yote ya Simbo.

Waliporudi, Mama Mariana akasema, "Mzee, tumewaposea vijana wetu wengi. Kila nyumba binti ni malaika, tukifika naye kwetu mabawa hatuyaoni. Leo ndiyo tumepata binadamu. Tunamchukua na madonge yake."

Walikuamini kuhusu madonge, wakakuamini na kuhusu moyo wake. Habari zikafika sokoni, watu wakawa wanaanza kwako. Ukisema dumu ni zuri, hawaonji. Ndipo Mama alipokubali kwamba kushika amri kuna faida, ingawa alikununia mpaka Jumapili.

Ulipougua, Diana alikuja kutoka kwake Ujiji kukusongea ugali. Ulikula taratibu, sote tukikutazama. Akakuuliza, "Baba, leo je?" Tulijua unajua anachotaka kusikia, na hakuna ambaye angekulaumu.

Ukatafuna, ukameza.

"Una madonge, mwanangu," ukasema. "Niongezee."

Unakumbukwa na mkeo Honorata, anayesema nyumba isiyo na mkoromo wako haimpi usingizi; wanao Diana na Yona; mkweo Heritier, ambaye humaliza sahani yake bila kusema neno; na mjukuu wako Arakaza, ambaye juzi alimwambia padri kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Damu yako hiyo.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi parokiani kwetu, kisha ndugu na majirani wote wakaribie chakula nyumbani Buzebazeba. Ugali atasonga Diana. Tunawatangazia mapema, kama ulivyotufundisha.

Daima hatutakusahau, Baba, na hilo ni kweli.