Nani Kashinda, Usiniambie

Jumatatu, 12 Mei

Nimekaanga visheti. Vya mwanzo vimeungua, nimevila mwenyewe. Thuraya, mke wa mwanangu Nasor, kapita jikoni akasema kwa Kiarabu nyumba nzima inanuka mafuta. Nikamwambia nyumba isiyonuka mafuta haina mtu. Hakucheka. Kiswahili chake kinaishia karibu na asante.

Wiki ya mashindano ya nyimbo ya Ulaya imeingia. Kesho mchujo wa kwanza, Alkhamisi wa pili, Jumamosi usiku fainali. Mimi na shoga yangu Zuwena fainali hatuiangalii usiku wake. Huku Oman inaanza watu washalala. Mtu mzima na akili zake hakeshi kumsubiri Mzungu aimbe. Sisi ni wa marudio, Jumapili baada ya adhuhuri. Sharti letu ni moja tu: mpaka saa hiyo hakuna kuambiwa nani kashinda.

Mwaka huu ni wa kwanza Zuwena hayupo ukuta wa pili. Baada ya Idi binti yake Nawal alimchukua, anakaa naye Sur. Nyumba yake hapa Ibra ina kufuli. Paka wake kahamia kwangu. Simpi kitu.

Jana nilimpa kichwa cha samaki. Basi.

Jumanne, 13 Mei

Nimetoa kanga sandukuni kuzianika. Jua la leo kali, nusu saa inatosha, ukizidisha rangi inakufa.

Kila mwaka kabla ya nyimbo kuanza tunachagua, mimi nchi yangu na yeye yake. Nchi yako ikishindwa unampa mwenzio kanga. Na hiyo kanga uichague jina lenye kuchoma. Kwa hiyo mashindano yao yote ninayo humu sandukuni, tangu mwaka marehemu mume wangu alipoweka dishi juu ya paa. Alisema ni la taarifa ya habari. Taarifa ya habari aliiona siku mbili.

Hii ya zambarau ni ya wakati ule kila nchi ilikuwa lazima iimbe kwa lugha yake. Sisi hatukufahamu hata lugha moja, tulikuwa mahakimu safi. Tunatazama sauti, nguo na adabu, na anayetupendeza tunamwendea pale pale kwenye televisheni kumtunza. Hii nyekundu ni ya walipofunguliwa kila mtu aimbe apendavyo. Basi wote wakaingia Kiingereza, kama wajukuu zangu. Nilikasirika mwaka ule. Zuwena alinipa kanga imeandikwa "Utanuna weye, wenzio tunacheza". Nimeivaa mpaka imechanika pembe.

Zamani mahakimu peke yao walitoa pointi. Baadaye watu majumbani wakapiga simu, nchi jirani zikapeana, kama watu wa harusini wanavyotunzana wenyewe kwa wenyewe. Nchi zikawa nyingi mpaka ikabidi zichujwe. Hata Australia imo. Nani kamwambia Australia iko Ulaya? Zuwena alisema kama Australia wamo, na sisi tupeleke mtu kutoka Ibra. Nikamuuliza tumpeleke nani. Akasema, "Weye, ukawafokee."

Nilicheka mpaka nikabanwa na mbavu.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia Nasor Jumapili anipeleke Sur. Kaniangalia kama nimemwomba anipeleke Uchina. Jumapili anaingia kazini Mudhaibi, ana mkutano. Kisha akasema neno limeniudhi mpaka sasa. "Mama, si uangalie hapa? Televisheni ni ile ile."

Ile ile! Nimemzaa, nimemlea, nimemsomesha, na akili kamaliza zote shuleni.

Sikula nao. Nilisema nimefunga. Sikufunga. Nilikula visheti chumbani.

Ijumaa, 16 Mei

Asma atanipeleka. Huyu binti wa Nasor kamaliza chuo Nizwa, kazi hajapata, leseni anayo. Kasema, "Bibi, miye nitakupeleka, lakini hapana kunigombeza njiani." Nikamwambia sikuahidi.

Nikampigia Zuwena. Nyuma yake makelele ya watoto, kama yuko sokoni. Nikasema nakuja Jumapili kwa marudio. Akasema njoo shoga, njoo, karibu. Nikamkumbusha sharti. Akasema ndiyo, ndiyo. Kisha akawa anazungumza na mtu mwengine, nikabaki nimeshika simu.

Anasikia vibaya kwenye simu. Ndiyo hiyo tu.

Nimenunua kanga ya mwaka huu, ikiwa nitashindwa. Ya manjano na nyeusi. Jina lake: "Kelele za jirani nimezizoea". Mwenye duka Mhindi kaniuliza ni ya harusi? Nikamwambia ni ya vita.

Jumamosi, 17 Mei

Nimewakusanya wote baada ya magharibi. Nimewaambia kuanzia sasa mpaka kesho jioni asinitajie mtu Ulaya, nyimbo, wala pointi. Nasor akasema, "Mama, wallahi hapana mtu Oman nzima anayejua kama kuna mashindano." Thuraya akauliza mashindano gani. Basi, hapana hatari upande huo.

Simu ya Asma ndiyo mbaya. Nimemwambia aitie mkobani na mkoba aufunge zipu.

Nguo nimepiga pasi. Nimeoga. Nalala mapema. Moyo unanienda kama wa bi harusi, na umri huu. Upuuzi mtupu.

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi. Naandika kwa sababu nikilala nalo litaniumiza.

Tumetoka asubuhi. Nimekataza redio. Nimemgombeza Asma kwa mwendo mara mbili na kwa kula chipsi huku anaendesha. Al Kamil tumesimama kutia petroli, nikaziba masikio mpaka akarudi, maana aliingia dukani na duka lilikuwa na televisheni. Asma alicheka. Acheke. Nilifika Sur sijui kitu, safi kama mtoto mchanga. Safari yote najiambia nimechagua nani, yeye atachagua nani, nikaona kama namsikia.

Nyumba ya Nawal nzuri, mpya, marumaru mpaka ukutani. Zuwena katoka mwenyewe mpaka barazani, kanenepa, kapaka hina. Kafungua mikono. Hata shikamoo ya Asma haijaitikiwa, hata viatu sijavua, akasema:

"Shoga, umesikia wamechukua nani?"

Akaitaja nchi.

Siiandiki hapa.

Nilisimama. Mkononi nina bakuli la visheti. Nikasema, Zuwena, sharti. Akasema, "Sharti gani? Ah! Yale mambo yetu ya Ibra? Usiku tumeyaona, shoga, pale pale yanapotokea! Watoto wameyatia kwenye lile kubwa la ukutani, tumekesha wote, wakapiga makelele weye! Sikupata kucheka hivyo tangu nihamie." Anasema hivyo kwa furaha. Hakunikusudia ubaya. Hilo ndilo lililonikata. Angenikusudia ubaya ningemjibu.

Asma kanitazama. Mimi mwenye mdomo, nikasema mashallah tu.

Tukala wali kwa nguru. Nawal ana adabu, kanitilia minofu. Wajukuu wa Zuwena wamemzunguka, mmoja anamsuka nywele huku anakula. Wanamwita bibi kila neno la pili. Nikamuuliza kama alichagua nchi, usiku ule. Akasema watoto wamemchagulia. Nikamuuliza kanga. Akasema, "Kanga ngapi tena, shoga, tutazikwa nazo?"

Saa ya marudio ikafika. Nikasema tuwashe. Akasema tuwashe, tuwashe, niangalie na weye. Akakaa karibu yangu, mguu juu, kama zamani. Nikafurahi. Nakiri nilifurahi.

Wimbo wa tatu alikuwa kalala.

Kakesha, mtu mzima. Mdomo wazi, anakoroma taratibu. Watoto wameingia vyumbani, Asma kaenda na Nawal kutazama nguo. Kiyoyozi kinapuliza kama mauti. Nikatoa kanga yangu ya vita mkobani, nikamfunika miguu. Nikaangalia peke yangu mpaka mwisho, televisheni nimeipunguza sauti asiamke. Nyimbo zote. Na kila aliyeingia nilijua kuwa si yeye, na alipoingia mwenyewe nilijua ndiye. Hakuna raha. Ni kama kuhudhuria matanga ya mtu uliyemzika jana.

Palikuwa na mmoja tu. Mwanamke, si kijana tena, wa nchi ndogo, kaimba kwa lugha yao wenyewe, kasimama pale pale kama aliyekuja kudai haki yake. Gauni refu la kijani. Alipata pointi kidogo sana. Nilinyanyuka. Nilikwenda mpaka kwenye televisheni kama tunavyotunza kwenye taarabu, mkono mtupu. Nikarudi kukaa.

Zuwena aliamka wanahesabu kura. Akasema, "Si nilikwambia?" Akanisindikiza mpaka garini. Akasema mwakani nije Jumamosi, nilale, nione usiku pamoja na watoto. Nikamwambia mimi baada ya isha nalala. Akasema nimekuwa mkaidi. Nikamwambia nimezaliwa hivyo.

Njiani sikumgombeza Asma hata mara moja. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 19 Mei

Sikufanya kitu. Nimemfukuza paka. Karudi.

Nasor kaniuliza Sur kulikuwaje. Nikasema joto.

Jumanne, 20 Mei

Nimekasirika leo, si jana. Jana nilikuwa kama nimepigwa rungu. Leo ndiyo hasira imefika, kwa miguu, na mizigo yake.

Miaka yote ile nilidhani tunalinda kitu. Kumbe nilikuwa nalinda mimi. Yeye alikuwa jirani tu. Mlango ulikuwa karibu, alikuja. Sasa kuna mlango mwengine karibu zaidi.

Nimeandika hivyo, nimesoma, naona si haki. Mwaka nilipofiwa alilala chumbani kwangu eda nzima, akaacha watoto wake. Huyo si jirani tu. Lakini sifuti. Nilivyosema nimesema.

Jambo jengine. Jumamosi niliwakusanya watu nikawakataza wasiniambie nani kashinda. Sasa najua. Nimekaa nao chai ya asubuhi, chakula cha mchana, cha usiku. Hapana hata mmoja aliyeniuliza.

Alkhamisi, 22 Mei

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimefunga madirisha. Thuraya kaenda kwao Manah na Asma. Nasor kazini. Nimepika wali kikombe kimoja.

Baada ya alasiri Zuwena kapiga simu. Nilitaka niiache ilie. Ililia, ikalia. Nikapokea.

Kaniuliza hali, nikasema salama. Kaniuliza paka, nikasema hajafa. Kisha akasema sauti ya chini, kama asisikiwe huko kwao, ati usiku ule alipokaa na watoto naye alilala. Mapema tu. Watoto ndio waliomwamsha mwisho kumwambia nani kachukua. Nyimbo zenyewe hakuziona. Wala marudio hakuyaona.

Nikamwambia najua marudio hukuyaona, ulinikoromea sikioni.

Akacheka. Akasema, "Haya, ulimtunza nani?"

Nikamwambia yule wa kijani. Akasema wa kijani yupi. Nikamwelezea. Nywele kazifunga nyuma, hakuziachia kama wale wengine. Masikioni vipuli vidogo, vya heshima. Gauni limebana mikononi, kiunoni limekaa, kuanzia hapo linashuka kwa marinda, si marinda ya fundi mvivu. Akaniuliza kitambaa. Nikasema hariri, ile nzito. Akasema eeh. Akaniuliza mikono aliiweka wapi. Nikamwambia. Ananisikiliza, hata watoto siwasikii.

Kisha mtu akamwita. Akasema, "Haya shoga, wananitaka."

Nikasema haya.

Nilikuwa bado sijafika kwenye viatu.