Hakimu wa Nyumbani Kwetu

Jumanne, jioni

"Mshtakiwa, simama wima!" akanifokea tena. Ijumaa kaka Yohana anafanya mtihani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, wa kwenda kusomea uhakimu, basi kila jioni anajifunzia kwangu. Leo nimeiba mbuzi. Mbuzi mwenyewe kafungwa hapo mlangoni, anatafuna.

Mama akauliza, "Sasa mwanangu, kosa liko wapi?"

"Shahidi anyamaze!"

Mimi kujitetea siwezi, naona haya hata mbele ya mbuzi.

Akifaulu, ng'ombe wote wananiangukia mimi kuwachunga, na kurudi shule ndiyo basi tena. Akifeli, atatuhukumu sisi mpaka tuzeeke. Sijui nimwombee lipi.

Ngoja niende. Nimepewa miezi sita, na kifungo kinaanza kwa kumchotea hakimu maji ya kuoga.