Mama, Paa Letu Halivuji Tena

Mama yangu mpenzi,

Nimeolewa! Tangu ulipotuacha, kila jambo zuri likitokea bado nageuka nikuite. Mume wangu ni Yasini, fundi wa baiskeli hapa Koboko. Hukuwahi kumwona. Ungempenda, Mama. Anacheka hata akiwa usingizini.

Jambo moja tu lilinitia hofu. Paa la chumba chetu lilikuwa linavuja, juu kabisa ya kitanda. Na lile shuka ulilonidarizia katika ugonjwa wako, ukisema ni la arusi yangu, ningelitandika wapi? Nililikunja, nikalia.

Yasini akasema ni kazi ndogo. Unajua alifanyaje? Alimwaga maji juu ya bati atafute tundu, kama anavyozamisha tyubu kwenye beseni! Akaliona, pembeni ya msumari, akapaka silikoni, ile gundi ya kuzibia matundu, papo hapo, bati likiwa limelowa. Kesho yake ilibanduka nzima kama utando wa maziwa.

Nikakukumbuka dukani kwako Arua, ulikouza bati na silikoni, ukiwafokea wateja waliokuja kulalamika: "Bati iko na maji bado, wewe napaka! Silikoni itashika wapi, kwa mvua?"

Nilitaka kupanda mwenyewe. Mama mkwe akanizibia njia: "Bibi arusi na hina mkononi, juu ya nyumba? Watu watasema nini?" Basi nikasimama mlangoni, nikapiga kelele kama wewe. Sugua kutu! Futa vumbi! Ngoja jua likaushe! Yasini akajibu kutoka juu, "Mimi nimeoa mke ama nimeoa bosi?" Majirani walishika mbavu. Lakini alisugua. Alingoja. Kisha akapaka kuzunguka msumari taratibu, akalainisha kwa kidole, wala hakuigusa tena mpaka ikakauka.

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Tulikaa pale kitandani tumeshikana mikono, macho juu. Hakuna hata tone. Yasini akainuka, akalitoa shuka lako kwenye sanduku, akalitandika mwenyewe, akalinyoosha pembe zote. Nampenda, Mama.

Ijumaa tutakuja Arua kukuombea kaburini, umwone huyu mkwe wako. Nakuahidi nitalitunza shuka hili, na mwenye kulitandika nitamtunza zaidi. Pumzika sasa, Mama. Binti yako analala pakavu.

Zainabu wako