Nondo Wakubwa Tuliowaacha

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado upo wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Barua mbili nilizokuandikia huko kwenye mashamba ya mkonge zimerudi kama zilivyokwenda. Hii ya tatu naiandika kwa sababu nimechoka kukaa na neno hili moyoni.

Unakumbuka bwana shamba alivyokuja hapa Mungaa, funza walipoanza kula mabua ya mtama? Alisema funza ni watoto wa nondo, na kwamba tukiwamaliza nondo majike tutapona. Akapanda baiskeli yake, akaenda. Jinsi ya kumjua jike hakusema, na hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza nawe upo? Wewe uliyetofautisha mtamba na dume toka ng'ambo ya mbuga, ng'ombe wenyewe wakiwa bado vumbi tu!

Ukatupeleka shambani alfajiri, nondo wakiwa wamezubaa kwa baridi. Jua likiwapata wanaruka, kwa hiyo kuwakamata wote haikuwezekana. "Dume ndilo kubwa," ukasema. "Hilo halitagi, lipite. Kamateni hawa wadogo." Majirani nao wakafuata neno lako. Mimi nilijaza kibuyu changu wa kwanza, ukaniwekea mkono kichwani mbele za watu: "Huyu binti ana jicho langu." Siku nzima sikuhisi hata njaa.

Bwana shamba aliporudi, mtama ulikuwa umekauka umesimama. Aliweka nondo wawili kiganjani. "Huyu mkubwa, mwenye tumbo nene, ndiye jike. Dume ni huyu mdogo, mwenye vipembe vya manyoya." Watu wote wakakugeukia. Siku chache baadaye ukapanda lori la wanaochukua vibarua wa mkonge. "Nitarudi na chakula," ulimwambia mama.

Baba, kitinda mimba wetu uliyemwacha akitambaa, tulimzika kabla ya mvua. Mama hataki nikuandikie hilo. Nimeandika.

Na sasa neno lenyewe. Asubuhi ya tatu ya kukamata nondo nilifunua jani la mtama lililokumbatia bua, nikamkuta nondo mkubwa amejibana humo, anapanga mayai mstari mmoja, taratibu kabisa. Nilimwona vizuri. Nikajua. Ulikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, unacheka na wazee, na ningekuita ungekuja. Lakini mtoto wa kike atamwambiaje baba yake amekosea, mbele ya wenzake? Hivyo ndivyo nilivyojitetea miaka yote hii. Ukweli ni kwamba nilipenda kusifiwa, nikaogopa sifa zangu zitaisha. Nililirudisha lile jani kama lilivyokuwa, nikaendelea kukamata wadogo.

Mama ameacha kutazama barabara. Kigoda chako anakalia yeye siku hizi, akipepeta uwele wa kuomba kwa watu. Watu wakitaja mwaka ule hutaja jina lako, nami huinamisha kichwa kama mtu anayemwonea baba yake aibu. Uliondoka ukidhani hakuna aliyejua, kosa ni lako peke yako. Ningeweza kukukimbilia siku ile kwenye lori, nikakuambia. Sikukimbia.

Sikuombi unisamehe, maana sijui nani atakusomea. Pumzika, baba, popote walipokulaza.

Ni mimi binti yako, uliyesema ana jicho lako.